Somo la Vikundi: Miwani ya Kwanza, Kuichagua na Kuizoea



Mzee mmoja wa mtaa wetu alisoma masomo kanisani kwa miaka 22. Sauti yake twaijua sote. Hata watoto wa Shule ya Jumapili huigiza jinsi anavyotua kidogo kabla ya jina gumu. Kisha akaanza kutoa udhuru. Jumapili hii ana kifua, ile ana mgeni, na ya tatu akatuambia kuwa wakati umefika wa kuwapisha vijana. Tulimsifu kwa unyenyekevu wake, tukampa kijana mmoja zamu yake, mambo yakaendelea. Miezi minane ilipita ndipo mkewe alipomwambia mwenzake wa Umoja wa Mama ukweli wenyewe: Mzee haoni herufi. Zile Jumapili za mwisho alikuwa akisomewa somo na mjukuu wake tangu Alhamisi, analikariri lote, na pale mbele yetu alikifungua kitabu na kukitazama tu.

Ametupa ruhusa tulieleze jambo hili, mradi tusimtaje jina. Na tulipoanza kulizungumza tukagundua kuwa hakuwa peke yake. Yuko fundi cherehani aliyeacha kushona sare za kwaya akisema uzi wa siku hizi ni mbaya. Yuko mama ambaye hachambui mchele baada ya jua kuchwa. Yuko mhazini wa kikundi aliyemwachia mwanawe daftari la michango. Hakuna hata mmoja aliye mgonjwa. Wote wamepita miaka 40, na wote walihitaji miwani, kitu ambacho hawakuwa wamewahi kukivaa na hawakujua pa kuanzia.

Basi somo la mwezi huu ni hilo. Vikundi visomapo, mwenye macho mazuri awasomee wenzake kwa sauti, na mje na utepe wa kupimia wa fundi nguo, maana tutauhitaji.

Mkono umekuwa mfupi

Wazee husema kwa mzaha kwamba macho yao ni mazima, ila mkono umekuwa mfupi. Tazama mtu wa miaka 45 akipokea barua: huisogeza mbali, na mbali tena, mpaka mkono unanyooka wote, kisha huiendea dirishani. Mzaha huo unaeleza jambo la kweli.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi ndogo iliyo hai. Katika ujana lenzi hiyo ni laini. Tunapotazama kitu cha karibu hutuna kidogo, tunapotazama mlima hulala, na yote hayo hufanyika bila sisi kujua. Kadiri miaka inavyokwenda lenzi hii hukakamaa. Yafikapo miaka 40 na kitu haiwezi tena kutuna vya kutosha, na kitu cha karibu huwa na ukungu. Hii si adhabu ya kusoma sana wala ya kukaa motoni jikoni. Humpata aliyesoma na asiyesoma, wa mjini na wa shamba. Utafiti uliofanywa Kongwa na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa katika watu wenye miaka 40 na kuzidi, wapatao 6 katika kila 10 walikuwa nayo hali hii. Na Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kuwa watu milioni 826 duniani wana tatizo hili la karibu bila kupata msaada unaofaa, na msaada wenyewe ni vioo viwili na fremu.

Mwanga nao huwadanganya wengi. Penye mwanga mkali mboni hujifinya, na kwa tundu dogo jicho huona sawasawa zaidi. Ndiyo maana Mzee wetu aliweza kusoma katika ibada ya saa nne, jua likiwa dirishani, lakini ibada ya saa kumi na mbili asubuhi ilimshinda. Yeye akadhani macho yana siku njema na siku mbaya. Sivyo, ni taa.

Twaomba viongozi wa vikundi wasipite haraka hapa, maana ndipo penye hofu ya wengi. Watu husema, “Ukianza miwani macho yatalegea, hutaweza kuishi bila hiyo.” Husema hivyo kwa sababu wamemwona jirani aliyeanza na miwani nyepesi akiwa na miaka 43, na alipofika miaka 55 akahitaji ya nguvu zaidi. Lakini lenzi ya jirani huyo ingekakamaa vilevile hata kama asingevaa miwani maisha yake yote. Miwani haikuharakisha kitu. Na lile jambo la kuona herufi zimefifia zaidi ukiivua, hilo ni kweli, ila ni kwa kuwa sasa umekwisha kujua herufi safi zinafananaje.

Kuna na jambo la kinyume, nalo lahitaji uangalifu. Pengine mzee wa miaka 70 ambaye amevaa miwani ya kusomea kwa miaka mingi huamka siku moja akasoma bila miwani, na jamaa hushangilia kuwa macho yamerudi ujana. Mara nyingi ni mtoto wa jicho anayeanza: lenzi inakuwa nzito, na kwa muda mfupi hufanya kazi ya miwani ya karibu huku ya mbali yakizidi kufifia. Mzee wa namna hiyo apelekwe hospitali, wala jamaa wasingoje kwanza sherehe ziishe.

Yako matatizo mengine yanayohitaji miwani, nayo huweza kuanza utotoni. Yuko mwenye kuona karibu tu na mbali kukawa na ukungu. Huyu hupewa lenzi za kutoa, zenye alama ya mkato (–). Yuko ambaye jicho lake humchosha kwa vitu vya karibu tangu ujana. Huyu hupewa lenzi za kujumlisha (+), kama zile za uzeeni. Na yuko ambaye kioo cha mbele cha jicho lake hakikuviringana sawasawa, kimekuwa kama upande wa yai, hata mstari mmoja ukaonekana mkali na mwingine umefifia. Hali hiyo huitwa astigmatizimu. Mtu mmoja aweza kuwa na mawili pamoja, na jicho la kuume lisifanane na la kushoto. Mtoto anayekaza macho ubaoni apimwe mapema kabisa, kwa sababu jicho la mtoto lisilopata picha safi katika miaka ya mwanzo laweza kubaki dhaifu hata likipewa miwani ukubwani. Habari za watoto twazihifadhi kwa somo jingine.

Kabla hujaenda kupimwa

Toeni sasa utepe. Kila mmoja akae jinsi anavyokaa akifanya kazi yake, na jirani yake apime kutoka kwenye jicho hadi kwenye kazi. Asijinyooshe kwa heshima. Akae kama akaavyo siku zote. Aliyeshika kitabu mkononi huwa kwenye sentimita 40 hivi. Mwenye sindano huwa karibu zaidi, 30 au 33. Mwenye cherehani hufika 45 au 50. Mwalimu wa kwaya mwenye karatasi juu ya stendi aweza kufika 60, na bado ataka kuziona nyuso za sauti ya nne kule nyuma.

Andika namba yako, uende nayo. Twalisisitiza hili kwa sababu ndipo alipokwama Mzee wetu. Alipokubali hatimaye kupimwa, aliulizwa anataka miwani ya nini, akajibu, “Ya kusomea.” Alipewa karatasi aishike mkononi, akasoma vizuri, akapata miwani ya +2.50. Nyumbani ilimfaa sana. Jumapili akapanda kwenye meza ya kusomea, akafungua kitabu, na herufi zikawa ukungu. Ilimbidi ainame mpaka kipaza sauti kikamgonga kidevuni, na vijana wakacheka.

Kipimo cha nguvu ya lenzi huitwa dayopta, nayo si fumbo. Gawanya 100 kwa idadi ya dayopta, utapata sentimita. Lenzi ya +2.50 humpa mtu ambaye macho yake ya mbali ni mazima mwisho wa kuona wa sentimita 40. Kupita hapo, kila kitu hufifia. Ile ya +2.00 hufika 50. Ile ya +1.50 hufika 67 hivi. Tulipopima kwa utepe, Mzee ni mrefu na meza yetu ni fupi, tukapata sentimita 65 kutoka jichoni hadi kitabuni. Miwani yake haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ya kiti cha barazani, naye aliipeleka kwenye meza ya kanisani.

Ni kosa la nani? Mpimaji angeweza kuuliza zaidi, na Mzee angeweza kusema zaidi. Lakini sisi wa vijijini tukiingia chumba chenye mashine tunakuwa wapole kupita kiasi, tunaitikia kila kitu. Ndugu, mpimaji haoni kwa macho yako. Anapokubadilishia vioo na kukuuliza, “Hiki au kile?” hakujaribu akili, hakuna jibu baya. Ukiona viko sawa, sema viko sawa. Usimpendeze. Na ukiwa umechoka, au umefika kwa basi la usiku bila kulala, mwambie.

Mwenye kisukari ana neno lake. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho nayo hubadilika, na kipimo cha leo kitakuwa cha uongo wiki ijayo. Afadhali sukari itulie kwanza, ndipo apimwe. Na yeyote aliyepita miaka 40, hasa kama katika ukoo wao yuko aliyepofuka polepole, aombe kupimwa pia presha ya macho, maana glakoma huiba uwezo wa kuona kutoka pembeni bila maumivu, na miwani haiirudishi.

Kupimwa ni wapi? Wengi wetu huanzia kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa. Hospitali ya Mvumi kule Dodoma, iliyo ya Kanisa letu la Anglikana, ina historia ndefu ya kazi ya macho. KCMC ya Moshi hutibu na pia hufundisha wapimaji. Na CCBRT ya Dar es Salaam yajulikana na wengi. Pengine kliniki ya kuzunguka hufika karibu. Ikitangazwa kanisani, twende.

Na miwani ya mezani sokoni? Twajua kuwa wengi watauliza, nasi hatutaki kusema uongo kwa ajili ya kuwatisha. Miwani ya kusomea iliyokwisha tengenezwa, yenye namba ileile pande zote mbili, humfaa mtu mzima ambaye macho yake mawili yanalingana na ambaye tatizo lake ni la karibu tu. Haitampofusha. Kasoro yake ni mbili: haimfai mwenye macho yasiyolingana au mwenye astigmatizimu, na yule anayekuuzia hakutazama ndani ya jicho lako. Aliyeinunua kwa miaka kumi mfululizo, akipanda namba moja kila mara, huenda ana glakoma au mtoto wa jicho na hajui. Kwa maoni yetu, pimwa kwanza mara moja. Ukiambiwa kuwa namba yako ni ya kawaida na macho ni mazima, nunua sokoni bila aibu.

Wako wanaodhani haya yote ni ya wasomaji wa vitabu. Katika Assam, India, ulifanywa utafiti kwa wachuma chai wenye miaka 40 na kuzidi ambao hawakuona vizuri karibu. Nusu walipewa miwani mwanzoni, nusu walingojea mpaka mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliopewa walizidi kuchuma kuliko wenzao kwa karibu asilimia 22. Jani la chai si herufi. Na fundi wetu aliyeulaumu uzi sasa amenunua miwani, na ule uzi mbaya umekuwa mzuri.

Cheti na fremu

Ukipimwa utapewa cheti. Usikiache dukani, nakili namba zake au kipige picha, kwa kuwa ni chako. R ni jicho la kuume, L la kushoto. Pengine utaona OD na OS, ambayo ni Kilatini kwa maana hiyohiyo. Namba ya kwanza, yenye + au –, ni nguvu ya lenzi. Zikifuatwa na namba ya pili na nyingine isiyozidi 180, hizo ni za astigmatizimu na pembe yake. Penye ADD ni nyongeza ya kusomea. Na penye PD ni umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Kwa watu wazima wengi huwa kwenye 63 hivi. Umbali huu ni muhimu, kwa sababu katikati ya kila lenzi panapaswa kukaa mbele ya mboni. Pakikaa pembeni, macho huvutana siku nzima.

Sasa fremu. Tazama upande wa ndani wa mkono wake, utaona namba kama 50, 20 na 140. Ya kwanza ni upana wa lenzi, ya pili ni nafasi ya pua, ya tatu ni urefu wa mkono, zote kwa milimita. Fremu nyingi zinazoletwa kwetu zilichorwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Mwenye pua pana akivaa hiyo, ama humbana hata ikamwachia alama, ama hukaa juu na kuteleza kila anapotoa jasho. Chagua yenye nafasi kubwa ya pua, au ile ya waya yenye vipande viwili vidogo vinavyoweza kupanuliwa. Vaa, kisha cheka: ikipanda juu ya mashavu, ni kubwa mno. Inama kama unayefunga kamba za kiatu: ikianguka, ni legevu. Pepesa macho: kope zisiguse kioo. Mikono yake isiibane misikio wala kichwa, ila ishike.

Mwenye namba kubwa achague fremu ndogo iliyoviringana, maana lenzi ya kutoa hunenepa pembeni na kwenye fremu pana huwa nzito kama jiwe. Lenzi za plastiki ni nyepesi na hazivunjiki upesi, lakini hukwaruzwa upesi. Za kioo ni ngumu kukwaruza na ni hatari zikivunjika.

Uzuri? Chagua inayokupendeza. Twasema hivi kwa dhati, kwa kuwa miwani isiyompendeza mwenyewe hukaa kabatini. Kijana anayeogopa kuitwa “macho manne” asilazimishwe kuvaa fremu ya babu yake. Na tusidhani kuwa mambo haya ni mageni kanisani. Mwaka 1306 mhubiri Giordano da Pisa, akihubiri kule Florence, aliwaambia watu kuwa ufundi wa kutengeneza miwani haujatimiza hata miaka ishirini tangu uanze, naye aliusifu kuwa ni miongoni mwa ufundi bora na wa lazima duniani. Miaka mia saba imepita, na sisi bado tunakariri masomo ili tusionekane.

“Utazoea”

Neno hili huambiwa kila anayetoka dukani na miwani ya kwanza. Ni neno la kweli, na limewaumiza watu.

Kweli yake ni hii. Ubongo umezoea miaka mingi kupima dunia kwa macho yale ya zamani. Lenzi ya kutoa hupunguza vitu kidogo, ya kujumlisha huvikuza. Ya astigmatizimu huweza kuinamisha sakafu, ukaona mlango umelala upande na ngazi imeinuka. Ukigeuza kichwa, dunia huogelea. Pua huuma, nyuma ya masikio huwasha, na jioni macho huchoka. Yote haya ni ya kawaida katika siku za kwanza, na kwa wengi huisha ndani ya wiki moja au mbili. Dawa yake ni kuvaa. Aliyepewa miwani ya mbali aivae tangu asubuhi, nyumbani, penye vitu anavyovijua. Anayeivaa nusu saa na kuivua nusu siku anauchanganya ubongo wake, na wiki mbili zitakuwa mwezi. Pikipiki, ngazi ya kupandia darini na mto wa kuvuka kwa mawe vingoje siku chache.

Mwenye miwani ya kusomea tu aivue anapoinuka. Ile haikutengenezwa kwa njia. Huifanya ardhi kuwa ukungu. Na mwenye lenzi ya sehemu mbili, ya juu kwa mbali na ya chini kwa kusoma, akumbuke ngazi: ashushe kidevu kifuani ili aione hatua kwa sehemu ya juu. Akishusha macho pekee, atatazama mguu wake kwa kioo cha kitabu, na atakanyaga hewa.

Lakini sasa sikilizeni habari ya mmoja wetu katika kamati hii. Yeye ni mwalimu, na alipata miwani yake ya kwanza akiwa na miaka 31. Kuume alihitaji –1.25, kushoto –3.00. Alipoivaa aliona ubao vizuri kuliko alivyokuwa akiona bila miwani, lakini kila jioni kichwa kilimuuma juu ya jicho la kuume, na ukurasa wa daftari ulimtaabisha. Akarudi dukani baada ya wiki. Wakamwambia, “Mwalimu, utazoea.” Akarudi nyumbani kwa adabu. Wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Alianza kumeza vidonge vya maumivu kila siku. Alikuwa karibu kuiweka kabatini na kusema miwani haimpatani, ndipo binti yake wa miaka minne alipoichukua na kumvika babaye juu chini kwa mchezo, na ghafla akausoma kalenda ulioko ukutani kwa macho yote mawili. Ukiipindua miwani juu chini, lenzi ya kushoto huja kuume na ya kuume huenda kushoto. Fundi alikuwa amezibadilisha. Duka lile hatulitaji. Walizirekebisha siku hiyohiyo na kuomba radhi. Lakini mwezi mzima wa maumivu ulitokana na mtu kuvumilia kitu ambacho hakikuwa cha kuvumiliwa.

Basi tujifunze kutofautisha. Usumbufu wa kuzoea hupungua siku kwa siku: Jumatano ni afadhali kuliko Jumatatu. Usiopungua baada ya wiki mbili si wa kuzoea. Ukiona vitu viwiliviwili penye kimoja, rudi. Ukilazimika kuinamisha kichwa au kuinua miwani kwa kidole ndipo uone, rudi. Huenda ni fremu tu imekaa vibaya, nayo hunyooshwa kwa dakika chache. Usiinyooshe mwenyewe juu ya mshumaa, kama alivyofanya mjumbe wetu mwingine ambaye hatutasema zaidi habari zake. Na kila mtu afanye jaribio hili siku ya kwanza kabla hajatoka dukani: funika jicho la kushoto kwa kiganja, usome bango la upande wa pili wa barabara, kisha funika la kuume, usome lilelile. Likiwa jicho moja halioni kama lilivyoona kwenye chumba cha kupimia, sema hapohapo. Mwalimu wetu angelijua hilo, angalimaliza jambo lake siku ya kwanza. Alitazama kwa macho yote mawili, na jicho zuri likamfichia baya.

Yako mambo ambayo hayahusu miwani kabisa, wala mtu asiyangoje wiki mbili: jicho jekundu lenye maumivu makali, kuona mimweko ya mwanga au kama pazia linashuka, au jicho kupoteza nuru ghafla. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kuisafisha, twajua desturi yetu ni pindo la kanga au la shati, tena kavu. Pindo lina vumbi, na vumbi hukwaruza. Iloweshe kwanza kwa maji, weka sabuni kidogo kwa vidole, suuza, kisha ifute kwa kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa. Iweke chini vioo vikitazama juu, na usiiache juani ndani ya gari. Baada ya miaka miwili hivi upimwe tena, au mapema zaidi ukiona mkono umeanza tena kuwa mfupi.

Mzee wetu alirudi kupimwa akiwa na namba 65 kwenye kipande cha karatasi. Sasa ana miwani mbili. Ile ya +2.50 iko barazani kwake. Ile ya +1.50 inakaa katika droo ya sakristia, ndani ya soksi safi ya mjukuu. Alianza tena zamu yake, akasoma bila kuinama, ila Jumapili ile ya kwanza alijisahau, akashuka bila kuivua, akakikosa kidato cha chini na kushikwa mkono na yule kijana aliyempisha. Tangu hapo huibeba mkononi mpaka amefika mezani, huivaa, husoma, huivua, ndipo hushuka. Watoto wa Shule ya Jumapili wamekwisha kuanza kuigiza na hilo.